Mashine ya sloti ya kale inapogoma: dalili, chanzo, na namna ya kuijua ni ipi hasa

Mwenye mashine ya sloti ya kale, yaani mashine ya kamari inayochezwa kwa kutumbukiza sarafu na kuvuta mkono, huuliza kwanza mbona mkono umekwama, halafu huuliza ni ya mwaka gani. Majibu ya maswali hayo mawili hukaa sehemu moja. Mashine hizi zimepita mikononi mwa watu wengi: kiwanda, mwenye baa, fundi wa mitaani, mrithi aliyeikuta ghalani. Kila mmoja alichomoa kitu akapachika kingine. Kipande kigeni kinachoharibu malipo mara nyingi ndicho hicho kinachomfanya muuzaji ataje mwaka usio wake. Kwa hiyo hapa nachanganya matengenezo na utambuzi makusudi, na utaona kwamba dalili za upande mmoja zinajibu maswali ya upande wa pili.

Nazungumzia mashine za springi na meno, zenye magurudumu matatu ya picha, zilizotengenezwa kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Kampuni ya Bally ilipotoa mashine yake ya Money Honey mwanzoni mwa miaka ya 1960, umeme ulichukua kazi nyingi na aina ya ubovu ikabadilika. Hizo hazimo humu.

Kabla ya kugusa chochote

Usivute mkono wa mashine ambayo hujui imelala muda gani. Usipulizie mafuta ndani pia, hata kama kopo limeandikwa kwamba linalegeza kila kitu. Mafuta ya zamani yameshageuka ulimbo wa rangi ya kahawia. Ukimwaga mapya juu yake mambo yatalainika kwa muda mfupi, kisha ulimbo uliolowa utashika vumbi na kuganda upya, safari hii ndani kabisa ya mihimili usikoweza kuufikia.

Fungua mlango wa nyuma, toa sanduku la fedha, halafu tafuta lachi inayoshikilia mtambo. Katika mashine nyingi za aina hii mtambo wote, yaani magurudumu, saa inayoamua yasimame lini, na bomba la sarafu za malipo, huvutwa nyuma ukatoka mzima, na mkono hubaki kwenye kabati. Piga picha kila upande kabla ya kulegeza skrubu hata moja. Mashine nzima inaweza kufikia kilo 40 na zaidi, kwa hiyo mwite mtu mwingine mnyanyue pamoja. Rangi za enzi hizo huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, basi usizisugue kwa msasa mkavu.

Ufunguo ukiwa haupo, tafuta fundi wa kufuli. Kutoboa kufuli kwa drili kunachukua dakika chache na kunaondoa kipande cha asili ambacho hukipati tena.

Dalili: hakuna jina la kiwanda popote

Vibao vya jina vilikuwa vidogo na vingi vimeshadondoka. Anza na orodha fupi ya watuhumiwa, maana mashine nyingi za Kimarekani utakazokutana nazo zilitoka kwenye viwanda vitano: Mills Novelty Company, Watling, Jennings na Pace, vyote vya Chicago, pamoja na Caille Brothers wa Detroit.

Uso wa mbele usikuhadae. Ni kipande cha alumini kinachoshikwa na bolti chache, na biashara ya kuzivisha mashine kuukuu sura mpya ilikuwepo tangu enzi zilezile. Mwenye baa aliyetaka mashine yake ionekane ya kisasa alinunua uso mpya akaacha mtambo uleule. Tazama mtambo kwanza, kisha uangalie kama uso unakubaliana nao.

Kwa Mills, angalia sarafu inapoingilia na inakokwenda. Zile za kabla ya 1931 zina kichwa cha sarafu kilichopinda juu ya kabati, kile ambacho wakusanyaji wanakiita shingo ya bata. Mwaka 1931 kampuni ikaleta mtambo wa ngazi: sarafu zilizotangulia hupangwa kwenye dirisha dogo juu ya magurudumu, zikisogea hatua moja kila mkono unapovutwa. Mwenye mashine aliweza kuona papo hapo kama mchezaji ametumbukiza kipande cha bati badala ya sarafu. War Eagle na Castle Front ni za kundi hilo la ngazi. Ukikuta jina Bell-O-Matic kwenye kibao, hiyo ni Mills ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hata kama uso wake unafanana na wa miaka ya nyuma.

Watling ndiyo rahisi kuliko zote iwapo ni Rol-A-Top, maana sarafu zinapita kwenye dirisha lililopinda juu kabisa ya mashine, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo kwa namna ile. Jennings Chief hubeba sura ya Mwamerika wa asili mbele. Pace na Caille zinahitaji macho zaidi. Hapo linganisha mtambo wako na picha za mtambo uliothibitishwa, bolti kwa bolti.

Ukiona safu ya vidirisha vyembamba pembeni au mbele, pamoja na vishikio visivyofanya kazi yoyote, hiyo ilikuwa mashine ya kutoa pipi au ubani wa kutafuna. Mchezaji alipewa kipande cha ubani ili mwenye mashine aweze kudai kwamba anauza bidhaa, hachezeshi kamari. Watu wengi wamezing'oa safu hizo wakidhani ni mapambo. Ukikuta matundu ya skrubu yasiyo na kazi pembeni mwa kabati, jua safu ilikuwa hapo.

Dalili: muuzaji anasema ni ya miaka ya 1890, nawe una mashaka

Endelea kuwa na mashaka. Charles Fey wa San Francisco ndiye anayesifiwa kwa kuunda Liberty Bell, mashine ya magurudumu matatu iliyolipa yenyewe, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Picha zake zilikuwa viatu vya farasi, alama za karata na kengele. Kengele tatu zililipa senti 50. Zilizobaki ni chache mno. Anayekuuzia "Liberty Bell ya Fey" karibu kila mara anauza mashine ya Mills iliyofuata mfano huo muongo mmoja baadaye, au nakala iliyosubiwa juzi. Machungwa, malimau na cheri yalienea karibu 1910, yakiambatana na ubani wa ladha za matunda. Mashine yenye matunda inayodaiwa kuwa ya 1895 imebadilishiwa kanda za picha, yaani karatasi zinazobandikwa kwenye magurudumu, au haina umri huo.

Vipimo vichache humaliza ubishi mwingi.

Sumaku. Kabati za mwanzo zilikuwa za chuma cha kalibu, na sumaku inashika. Baadaye zikaja kabati za mbao za mwaloni zenye uso wa alumini, na hapo sumaku haishiki. Mashine inayodaiwa kuwa ya chuma cha 1905, sumaku ikateleza, haihitaji maswali zaidi.

Skrubu. Skrubu yenye kichwa cha msalaba aina ya Phillips iliingia viwandani katikati ya miaka ya 1930. Ukiikuta kwenye mashine ya 1910, kuna mtu alipita hapo baadaye. Moja au mbili ni matengenezo tu. Zikiwa kila mahali, unatazama kitu kipya.

Rula. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, kwa sababu mwenye kunakili hawezi kukikwepa bila gharama. Chuma kilichoyeyushwa husinyaa kinapopoa: alumini kama asilimia 1.3, chuma cha kalibu kama asilimia 1. Kiwanda kilijua hilo, hivyo kikachonga kielelezo kikubwa kidogo ili kipande kitoke na kipimo sahihi. Anayenakili leo hachongi kielelezo. Anachukua uso wa asili na kuukandamiza kwenye mchanga. Nakala yake inasinyaa mara ya pili. Uso wa milimita 400 unapoteza milimita 4 hadi 5, na rula ya kawaida inalionyesha hilo mara moja. Tazama pia kingo za maua na herufi. Kwenye asili ukipitisha ukucha unakwama kwenye pembe za herufi, na kwenye nakala ukucha unateleza. Upande wa ndani wa nakala mara nyingi una chembechembe za mchanga na alama za msasa wa mashine ya kisasa ambazo hakuna aliyejisumbua kuzificha.

Taa ya urujuanimno. Karatasi za leo huwekewa kemikali ya kung'arisha weupe iliyoanza kutumika kwa wingi karibu 1950. Kanda za picha na kadi ya malipo zikiwaka rangi ya buluu chini ya taa hiyo, ni mpya. Hilo peke yake halishushi mashine. Kanda zilichakaa na kubadilishwa kwa kawaida. Lakini muuzaji aliyesema "kila kitu ni cha asili" ameshasema uongo mmoja.

Dirisha la jakpoti. Lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1920, na viwanda viliuza nyuso zenye jakpoti za kufungwa kwenye mashine zilizotangulia. Mashine ya 1915 yenye jakpoti basi inaweza kuwa halali kabisa, iliyoboreshwa wakati wake. Mimi siihesabu kuwa ya kughushi, ingawa wapo wakusanyaji wanaoikunjia uso.

Umri una uzito wa kisheria pia. Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya 1951, Johnson Act, ilibana usafirishaji wa mashine za kamari kutoka jimbo moja hadi jingine, na kila jimbo lina msimamo wake kuhusu mtu binafsi kumiliki mashine ya kale. California huihesabu kuwa ya kale ikipita miaka 25. Majimbo mengine yana masharti tofauti, na yapo yasiyoruhusu kabisa. Soma sheria ya unapoishi kabla hujalipa, hata kama mashine ni mbovu.

Dalili: namba hazilingani

Namba ya kiwandani hugongwa zaidi ya sehemu moja: kwenye ukingo wa mbao za kabati, kwenye vipande vya kusubu, wakati mwingine kwenye mtambo wenyewe. Safisha kwa brashi laini na utumie tochi kwa pembeni, kivuli kiingie kwenye tarakimu. Usisugue mbao.

Namba za kabati na uso zikilingana, na za mtambo zikitofautiana, mara nyingi mtambo ulibadilishwa kazini. Mwenye mashine nyingi alikuwa na mtambo wa akiba: uliokufa unatolewa, wa akiba unaingizwa, mchezo unaendelea, na ule mbovu ukitengenezwa unaingia kwenye mashine nyingine kabisa. Hiyo ni historia ya kawaida. Namba zikitofautiana kila mahali, na mbao zikawa za plaiwudi, hapo una mashine ya kuungaunga. Lipia bei ya mashine ya kuungaunga.

Dalili: sarafu inakwama, au inapita bila kufungua mkono

Pima njia ya sarafu kabla ya kulaumu springi. Sarafu ya Marekani ya senti 5 ina kipenyo cha milimita 21.2, ya senti 10 ina 17.9, ya senti 25 ina 24.3, ya nusu dola ina 30.6. Mashine nyingi za Kimarekani zilivuka hadi Uingereza zikageuzwa ili zipokee peni ya zamani, yenye kipenyo cha milimita 30.8, hadi Uingereza ilipobadili mfumo wa fedha Februari 15, 1971.

Peni hiyo na nusu dola zinakaribiana kipenyo kiasi cha kumpotosha mtu, lakini nusu dola ni nene zaidi. Mtu akijaza nusu dola kwenye mtambo uliogeuzwa wa peni, sarafu zinaingia vizuri juu na kukwama chini, pale zinapopaswa kupita chini ya bomba la sarafu. Akifanya kinyume, sarafu mbili nyembamba zinajibana mahali pa moja. Dalili inafanana na springi iliyolegea. Chanzo ni fedha isiyo yake, na pia umegundua mashine iliishi nchi gani.

Iwapo kipimo ni sahihi, toa mtambo na uangalie njia yote kwa tochi. Utakuta sarafu iliyopinda, kipande cha bati, kiberiti, hata kipande cha waya cha mtu aliyejaribu kuiba. Kisha safisha njia kwa pamba na spiriti, uiache kavu. Njia ya sarafu haipakwi mafuta, wala vitelezi vya malipo, vile vibamba vinavyosukuma sarafu kutoka kwenye bomba, havipakwi. Uchafu unaoletwa na sarafu ukikutana na mafuta unakuwa tope la kusaga.

Dalili: mkono haushuki, au umeshuka haurudi

Gawanya tatizo mara mbili. Mtambo ukiwa nje, vuta mkono uliobaki kwenye kabati taratibu. Ukiwa mgumu hata hapo, tatizo ni la mkono wenyewe: mhimili umeganda kwa ulimbo, springi ya kurudisha imekatika, au mpira wa kupokea kishindo umekauka na kuvunjika vipande. Ukiwa mwepesi, rudi kwenye mtambo.

Mkono uliokwama katikati ya safari, hausogei mbele wala nyuma, kwa kawaida haujavunjika. Ndani yake kuna chuma chenye meno na kidole kinachozuia mkono usirudi kabla ya kufika mwisho, ili mchezaji asiuvute nusunusu na kuchezea magurudumu. Kidole hicho kikiganda, kinauma jino na hakiachii. Kilegeze kwa mkono, kisafishe, mkono utarudi. Anayening'inia kwenye mkono hapo atavunja kipande cha kusubu kisicholehemeka kirahisi.

Mtambo ukiwa umekataa hata baada ya sarafu kuingia, angalia saa. Mzunguko uliopita ukiwa haujaisha, mtambo hauruhusu mwingine kuanza. Hapo utakuwa umeshahamia dalili inayofuata.

Dalili: magurudumu yanazunguka bila kusimama, au yanasimama yote kwa pamoja

Kinachoamua magurudumu yasimame lini ni saa: seti ya meno inayosukumwa na springi na kupunguzwa kasi na feni ndogo inayopiga hewa. Saa inapotembea inaachia vizuizi kimoja baada ya kingine, na kila kizuizi kina rola inayodondokea kwenye pengo la gurudumu lake. Ule mlio wa mvumo unaoufuata mvuto wa mkono, kisha tak, tak, tak, ni saa na vizuizi vyake.

Sikiliza kabla ya kufungua. Kimya baada ya mvuto maana yake saa haianzi: ulimbo, au kifungio chake hakiondoki. Igeuze feni kwa ncha ya kijiti. Ikitembea kidogo na kusimama, toa saa nzima, iloweshe kwenye kisafishio, ipige brashi, ikaushe, halafu weka tone dogo la mafuta mepesi ya cherehani kwenye kila mhimili wa meno. Tone, siyo mtiririko. Meno yenyewe yanabaki makavu.

Mvumo mkali na mfupi, magurudumu yakisimama karibu kwa pamoja, ni feni iliyolegea kwenye mhimili wake au bawa lililovunjika; hakuna kinachozuia kasi. Mvumo wa kawaida na gurudumu moja tu linalosimama kati ya picha mbili ni rola iliyochakaa au springi dhaifu ya kizuizi hicho kimoja. Badilishana springi na ya jirani: dalili ikihama nayo, umeipata.

Unaweza kukuta kifaa cha ziada kilichopachikwa kwenye saa. Usiking'oe ukidhani ni takataka. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wachezaji waligundua kwamba saa inayotembea kwa mwendo uleule inatabirika, wakaanza kuvuta mkono kwa mahadhi na kushinda kupita kiasi. Wenye mashine wakajibu kwa vifaa vya kuvuruga mwendo wa saa. Kukikuta kunakupa mwanzo wa tarehe: mashine ilikuwa bado kazini wakati huo.

Dalili: inalipa isipopaswa, hailipi inapopaswa

Hapa ndipo ubovu na utambuzi vinapokuwa kitu kimoja, na ndipo watu wanapopinda vipande visivyo na kosa.

Kwanza elewa kwamba mashine haioni picha. Kila gurudumu limebeba diski za chuma zenye matundu kwa umbali tofauti kutoka katikati. Magurudumu yakishasimama, vidole vya malipo vinasogea kupapasa diski. Vidole vya safu moja vikikuta matundu kwenye magurudumu yote yanayohusika, vinazama, na kuzama kwao kunaachia vitelezi vya malipo. Ukanda wa karatasi wenye machungwa na kengele umebandikwa kwa ajili ya macho ya mchezaji tu. Kwa kawaida kila gurudumu lina picha 20, hivyo michanganyiko ni 8,000, na mashine nyingi za miaka ya 1930 hulipa sarafu 3, 5, 10, 14, 18 au 20 kulingana na mchanganyiko.

Sasa chukua mtambo mezani. Pandisha vizuizi kwa mkono, weka machungwa matatu kwenye mstari, ruhusu vidole visogee. Andika kilichotokea. Rudia kwa plamu, kengele na picha yenye neno BAR. Utajipatia mojawapo ya mifumo ifuatayo.

Malipo yanatokea daima kwa picha iliyo juu au chini ya mstari kwa hatua moja: ukanda ulibandikwa vibaya. Mtu alinunua ukanda mpya, akaanza kuubandika pengo moja kando. Kama ni gurudumu moja tu, mashine itakosa karibu kila ushindi na kulipa mara chache kwa michanganyiko ya ajabu. Dawa ni maji ya uvuguvugu, subira, na kuuhamisha ukanda. Usiguse kidole chochote.

Malipo yana mpangilio wake kamili lakini haufanani kabisa na picha: kanda ni za muundo mwingine, au magurudumu mawili yamebadilishana nafasi. Hesabu matundu ya kila safu kwenye diski na uyalinganishe na idadi ya picha za aina hiyo kwenye ukanda. Ukikuta matundu saba kwenye safu inayolipa sarafu 10, na machungwa matatu tu kwenye karatasi, karatasi ndiyo ngeni. Diski zinakuambia mashine ilikuwa muundo gani kabla mtu hajaivisha picha nyingine, na zinakuambia kwa uhakika kuliko uso, kibao au maneno ya muuzaji.

Gurudumu halisimami kamwe kwenye picha fulani, kwa mfano BAR: tafuta kipande kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye pengo la gurudumu. Wenye mashine walivipachika ili rola isiweze kudondokea hapo. Mchezaji aliona BAR zikipita mbele ya macho yake siku nzima, hazikuweza kusimama. Baadhi waliziba matundu ya diski badala yake. Mimi hukitoa kipande ili mashine icheze kwa haki, na kukihifadhi kwenye bahasha pamoja na mashine, kwa sababu ni ushahidi wa namna ilivyotumika.

Kosa linakuja na kuondoka bila mpangilio: sasa ndiyo uangalie vidole vilivyopinda, uchafu ndani ya matundu, rola zilizochakaa zinazoacha gurudumu likitikisika. Shika gurudumu lililosimama na ulicheze kwa kidole. Likisogea kiasi cha kuziba nusu ya tundu, kidole hakiwezi kuzama kila mara.

Dalili: inalipa pungufu

Angalia kiwango cha sarafu kwenye bomba. Bomba lisipojaa vya kutosha, vitelezi vinasukuma hewa. Sarafu zikiwa za kutosha, toa vitelezi kimoja kimoja kwa mpangilio wake, visafishe, virudishe vikavu. Kitelezi kilichopinda kinyooshwe juu ya bamba bapa, kamwe siyo kikiwa ndani ya mtambo. Mashine inayolipa zaidi ya inavyopaswa huwa na springi dhaifu ya kuvirudisha vitelezi, ama sarafu nyembamba, kama nilivyokwisha sema.

Dalili: jakpoti haidondoki

Mara nyingi ni sarafu zilizoshikana kwa miaka nyuma ya kioo. Zitoe, osha nafasi hiyo, jaza upya. Zisipodondoka bado, fuata waya au fimbo kutoka kwenye kidole cha jakpoti hadi kwenye mlango wake; kwenye nyuso zilizoongezwa baadaye fimbo hiyo ilitengenezwa kwa mkono, na hupinda.

Dalili: uso umefubaa, na unatamani kuung'arisha

Subiri kwanza. Uso wa alumini uliopakwa rangi kiwandani na kuchakaa una thamani kwa mkusanyaji kuliko uliosuguliwa hadi ukameta kama sufuria mpya. Ukishaondoa rangi ya asili huirudishi. Sabuni laini, maji kidogo, kitambaa, na brashi ya meno kwenye maua. Kwa mbao, nta baada ya kuondoa moshi wa sigara. Sehemu zilizopakwa nikeli zisiguswe na kemikali za kuondoa kutu hadi ujue tabaka lina unene gani, maana likitoboka chuma cha chini kinaanza kuliwa mara moja.

Kila ulichobadilisha kiandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa nyuma: springi zipi ni mpya, ukanda upi ulihamishwa na kwa hatua ngapi, kufuli ipi siyo yake. Kanda kuukuu usizitupe hata zikiwa zimechanika. Zilaze bapa ndani ya bahasha, andika namba ya gurudumu na alama ya mahali ukanda ulipoanzia, na uiweke bahasha chini ya sanduku la fedha.